Printa kwa Bei ya Chee, Wino kwa Bei ya Uturi

Miongoni mwa bidhaa ambazo mtu wa kawaida huzinunua bila ya kujua kipimo chake, sidhani kama iko inayoushinda wino wa printa. Mwenye kununua mafuta ya taa huitazama chupa inapojazwa, na mwenye kununua mchele huukodolea macho mshale wa mizani asije akapunjwa. Lakini mtu huyo huyo, aingiapo katika duka la vifaa vya ofisi, hupokea kijisanduku chepesi chenye picha nzuri, akalipa fedha ambazo zingeilisha nyumba yake siku kadhaa, akaondoka bila ya kuuliza ndani ya katriji ile mna wino kiasi gani. Haulizi kwa sababu muuzaji mwenyewe aghalabu hajui, na kwa sababu mtengenezaji, kwa muda wa miaka mingi, amependelea kutangaza idadi ya kurasa kuliko ujazo wa wino.

Basi na tuupime. Katriji nyeusi ya HP 301, iliyotengenezewa printa ndogo za nyumbani, ina mililita 3 tu za wino, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kijiko cha chai, na mtengenezaji huikadiria kuchapa kurasa 190. Katriji ya HP 45, iliyotumika katika printa za kampuni hiyo hiyo miaka ya 1990, ilikuwa na mililita 42. Ujazo umeshuka mara 14, wala sijamwona mnunuzi anayedai kwamba na bei imeshuka kwa kadiri hiyo. Na ichukuliwe, kwa minajili ya hesabu tu, kwamba katriji ya mililita 3 inauzwa shilingi 40,000 za Tanzania: lita moja ya wino huo itakuwa imefika shilingi milioni 13 na ushei, bei ambayo muuza uturi wa soko la Darajani, Zanzibar, angeona haya kuitaja, na kila ukurasa utakuwa umemla mwenye printa shilingi 210 za wino peke yake, kabla hajalipia karatasi wala umeme.

Fauka ya hayo, kurasa zile 190 ni za maabara, zilizochapwa mfululizo kwa maandishi ya kipimo maalumu. Mtu achapaye ukurasa mmoja leo na mwingine baada ya wiki mbili hazipati, maana printa iamkapo baada ya kulala huvisafisha vitundu vyake kwa kutema wino, na wino uliotemwa humezwa na tandiko la sifongo chini ya mashine, asiuone mtu. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipolipima jambo hili liliona printa ambazo, zikitumiwa kwa vipindi, nusu ya wino wake au zaidi haikufika kwenye karatasi.

Sababu ya mambo kuwa hivi si siri, na wenyewe wenye viwanda wamekwisha kuitamka. Mwezi wa Januari mwaka 2024, Enrique Lores, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya HP, alieleza katika mahojiano ya televisheni kwamba kampuni hupata hasara katika kuuza mashine na faida katika kuuza vifaa vyake, hata mteja asiyechapa vya kutosha, au atumiaye wino wa watu wengine, huwa ni mtaji uliotumiwa vibaya. Nadra kumsikia mfanyabiashara akisema mbele ya hadhira kwamba mnunuzi wake ndiye aliyenunuliwa. Watu hupenda kulinganisha biashara hii na ile ya King Gillette na nyembe zake, wakidhani kwamba alitoa mpini bure ili auze wembe; nao hukosea, kwani mpini wa Gillette uliuzwa dola 5 zama zake, fedha nyingi kwa wakati ule, na bei haikushuka hadi hataza zake zilipokwisha muda mwaka 1921. Wauza wino ndio walioitimiza hila ambayo yeye husingiziwa.

Walakini haitakuwa insafu kumlaumu mtengenezaji bila ya kutaja kile anachokiuza, kwani kilichomo katika katriji si wino peke yake. Mwaka 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon huko Japani, mhandisi Ichiro Endo aliona ajabu moja: pasi ya kuchomelea waya iligusa kwa bahati sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukafyatuka kutoka ncha ya sindano. Joto lilikuwa limeufanya wino uchemke kwa ghafula, povu likaumuka, nalo likausukuma wino nje. Juu ya tukio hilo Canon ilijenga printa zake za povu, na nchini Marekani wahandisi wa HP, bila ya kujua habari za wenzao, wakaifikia njia hiyo hiyo na kutoa printa ya ThinkJet mwaka 1984. Katika printa za namna hii kila kitundu, ambacho ni chembamba kuliko unywele, kina nyuma yake kipande kidogo kinachopata moto wa nyuzi zipatazo 300 kwa muda ulio mfupi kuliko kufumba jicho, mara maelfu kwa sekunde, na kila mara kinarusha tone lisiloweza kuonekana kwa macho. HP ilipoamua kukiweka kichwa hicho cha kuchapia ndani ya katriji yenyewe, ili kikichakaa kitupwe pamoja na kasha lake, iliwaondolea watumiaji taabu kubwa. Na mtu anunuapo katriji ya aina hiyo hununua pia kazi ya ustadi isiyo ndogo.

Hoja hiyo ina nguvu mpaka tuitazame Epson. Printa za Epson hazichemshi wino. Huubana kwa kijiwe kinachotaharuki kipitiwapo na umeme, na kichwa chake hukaa ndani ya mashine maisha yake yote. Kwa hiyo katriji ya Epson ilikuwa kikopo cha plastiki chenye wino na kijichipu, basi. Hamkuwa na kichwa wala ustadi wa vitundu. Nayo iliuzwa kwa bei ya kushindana na zile zenye vichwa. Hapo ndipo mtu ajuapo kwamba bei haikupangwa kwa kufuata gharama ya kutengeneza, bali kwa kufuata kiasi ambacho mwenye printa, akiwa amekwisha kuinunua na hana pa kwenda, atavumilia kulipa.

Binadamu akibanwa hutafuta upenyo, na upenyo wa kwanza ulikuwa ni bomba la sindano, chombo kile kile kilichoanzisha habari yote. Kazi ya kujaza wino, ambayo vijana wa steshenari huifanya mbele ya mteja huku wakizungumza habari za mpira, yaonekana nyepesi, na kwa katriji zenye kichwa ndani yake kweli si ngumu, ila ina masharti yake. Hubanduliwa kwanza karatasi ya jina iliyo juu, na chini yake huonekana vijitundu ambavyo kiwandani vilitumika kujazia. Katriji nyeusi ina chumba kimoja, ile ya rangi ina vyumba vitatu, cha buluu, cha waridi na cha manjano, na mpangilio wake hubadilika kwa kila aina, hata fundi mwenye hadhari huchovya kijiti cha meno kwanza ili aione rangi iliyomo kabla ya kutia yake. Ndani ya chumba mna sifongo. Sindano huzamishwa ndani ya sifongo hilo na wino hutiwa taratibu, taratibu sana, kwani ukisukumwa kwa nguvu hewa hunaswa katikati na kuzuia wino usishuke kwenye vitundu, na katriji ikawa imejaa nayo haichapi. Wino unapoanza kuchungulia juu huvutwa nyuma kidogo, kitundu hufunikwa, kisha kichwa hukandamizwa juu ya karatasi laini iliyolowa maji ya uvuguvugu mpaka rangi zitoke zikiwa safi, kila moja kwenye mstari wake.

Sharti kubwa kuliko yote ni wakati. Vile vipande vya moto vilivyo nyuma ya vitundu hupozwa na wino wenyewe. Wino ukiisha kabisa na printa ikaendelea kuamrishwa kuchapa, huungua. Kwa hiyo mtu anayesubiri mpaka karatasi itoke nyeupe ndipo ampelekee fundi katriji yake, huwa amempelekea maiti amtibu. Ajazaye mapema, rangi zianzapo kufifia, huweza kuitumia katriji moja mara kadhaa. Lakini haidumu milele, na fundi anayemwahidi mteja kwamba itadumu ni wa kuepukwa. Sharti la pili ni aina ya wino. Wino mweusi wa katriji nyingi ni wa chembechembe, yaani unga mwembamba ulioelea majini, na wa rangi aghalabu ni wa kuyeyuka kama sukari. Kuutia wa chembechembe mahali pa ule wa kuyeyuka ni kuviziba vitundu kwa mikono yako mwenyewe. Chupa isiyosema imetengenezewa printa gani haifai hata ikiwa ya bure.

Tofauti hiyo ya wino ina jambo jingine ambalo wachache hulizingatia. Wino wa kuyeyuka, ukidondokewa na tone la maji, huchuruzika, na ukiwekwa penye jua hupauka. Ule wa chembechembe hustahimili zaidi. Mtu anayechapa tangazo la harusi hana haja ya kujali. Lakini wasia, mkataba wa shamba, au cheti ambacho watoto watakihitaji baada ya miaka thelathini, katika nyumba za pwani ambazo unyevu hupenya hata ndani ya kabati, vichapwe kwa wino wa chembechembe au kwa printa ya leza, ambayo haitumii wino bali unga unaoyeyushwa juu ya karatasi.

Watengenezaji nao hawakukaa kimya. Waliweka chipu. Chipu huhesabu matone yaliyorushwa, na hesabu yake ikitimia hutangaza kwamba wino umekwisha, hata kama fundi ameijaza katriji pomoni dakika tano zilizopita, maana chipu haiutazami wino, hutazama daftari lake. Katika printa nyingi za Canon mwenye kujaza huweza kuibonyeza na kuishikilia ile alama ya kusimamisha kwa sekunde tano au zaidi, na mashine ikakubali kuchapa bila ya kuhesabu; katika nyingine hakuna ruhusa kama hiyo. Baadhi ya printa zina hila ya ziada, kwamba hutambua eneo la dunia ilikouzwa katriji ya kwanza, hata mtu aliyenunua printa yake Ulaya akarudi nayo Mombasa huweza kuikuta inaikataa katriji halali kabisa, ya kampuni ile ile, iliyonunuliwa katika mji wake.

Mwezi wa Septemba mwaka 2016, watu wengi katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta printa zao za HP, ambazo jana yake zilifanya kazi vizuri, zinazikataa katriji za watengenezaji wengine. Programu iliyomo ndani ya mashine ilikuwa imeamrishwa tangu mapema. Kelele zilipanda, kampuni ikatoa njia ya kuiondoa amri hiyo katika baadhi ya mashine, na Desemba mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya yuro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi wazi kwamba printa waliyouziwa ina vizuizi hivyo. Kampuni hudai kwamba chipu ni kwa ajili ya usalama na ubora. Madai hayo yalipata msukosuko pasipotazamiwa mwaka 2022, ambapo uhaba wa chipu duniani uliilazimisha Canon kutengeneza baadhi ya katriji za unga bila ya chipu kabisa, kisha ikawaandikia wateja wake maelezo ya jinsi ya kuyapuuza maonyo ambayo mashine zake zenyewe zingeyatoa. Mashine zilichapa kama kawaida.

Swali lililo chini ya haya yote ni la milki: niliyenunua chombo, je, ni changu? Swali hilo lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni ya Lexmark iliuza baadhi ya katriji zake za unga kwa punguzo, kwa sharti kwamba zisijazwe tena wala zisipewe mtu mwingine ila zirudishwe kwake. Kampuni ndogo ya Impression Products, ya Charleston katika jimbo la West Virginia, ikawa inauza katriji hizo zikiwa zimejazwa upya, na Lexmark ikaishtaki kwa kuingilia hataza zake. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Mei, 2017, ikaandikwa na Jaji Mkuu John Roberts: mwenye hataza akishakiuza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, sharti lolote aliloliweka liwe liwalo, na hata kama mauzo yalifanyika nje ya Marekani. Kesi ilihusu unga, wala si wino, lakini kanuni haibagui. Kwa sheria ya nchi hiyo, basi, mwenye kununua katriji huweza kuijaza atakavyo. Sheria haikusema, hata hivyo, kwamba mashine italazimika kuikubali, na katika pengo hilo ndimo chipu inamoishi.

Kwa maoni yangu mahakama na faini zilileta badiliko dogo kuliko lile lililoletwa na mafundi wa Indonesia. Huko, kama huku kwetu, watu wenye vibanda vya kuchapa walichoshwa na vijikopo vya Epson, wakatoboa mashine, wakapitisha mirija myembamba kutoka chupa kubwa zilizowekwa ubavuni hadi kwenye kichwa, wakanunua wino kwa lita. Mashine ilikuwa haipendezi kuitazama, mirija ikivuja mara kwa mara, lakini ilichapa maelfu ya kurasa kwa gharama ya kicheko. Epson ingeweza kuendelea kupigana nao. Badala yake, mwaka 2010, iliuza katika Indonesia printa ambayo tangi lake la wino limejengwa kiwandani, ya kujazwa kwa chupa. Ikawa imekichukua kile walichokibuni wale waliokuwa wakiikosesha faida, ikakiwekea dhamana na jina. Biashara ilifanikiwa mno hata ikaenea duniani, na Canon, HP na Brother nazo zikatoa za kwao.

Mtu akiingia leo katika steshenari za Kariakoo, au za karibu na chuo chochote katika Afrika Mashariki, ataziona printa hizo, hususa za Epson za safu ya L, zikitoa barua za kuombea kazi na mitihani ya majaribio tangu asubuhi hadi usiku. Chupa ya wino mweusi aina ya 103, inayotumika katika L3150 na L3250, ina mililita 65, na mtengenezaji huikadiria kurasa 4,500. Bei yake, hata dukani kwa wakala halali, haikaribii bei ya katriji mbili. Lakini mashine yenyewe si ya bei ya chee. Huuzwa ghali kuliko printa ndogo ya katriji, mara mbili na kuzidi, na hapo ndipo lilipo jibu kwa aulizaye anunue ipi. Achapaye kila siku na anunue ya tangi, afunge mjadala. Achapaye mara chache kwa mwezi hafai kununua yoyote kati ya hizo, kwa sababu wino utamkaukia; huyo ama aende steshenari na hati yake katika simu, au, akitaka mashine ya nyumbani, atafute ya leza nyeusi, ambayo unga wake haukauki hata ikilala mwaka mzima.

Printa ya tangi nayo ina donda lake. Lile tandiko la sifongo linalomeza wino wa kusafishia hujaa, na mashine, ambayo imekuwa ikihesabu, siku moja husimama na kukataa katakata kuchapa. Fundi huja na kompyuta, akairudisha hesabu kwenye sifuri kwa programu, na wateja humshukuru kama mganga. Fundi mwaminifu hulifungua tandiko pia akalibadilisha au akaliosha na kulikausha, kwa maana kurudisha hesabu peke yake hakuufanyi wino uliojaa upotee, na kuna meza nyingi zilizopata madoa yasiyofutika kwa sababu hiyo. Matoleo mengine ya siku hizi yana kisanduku cha taka ambacho mwenyewe huweza kukichomoa na kuweka kingine. Vilevile anunuaye wino wa chupa atofautishe baina ya wino wa kampuni nyingine, uliouzwa kwa jina lake wenyewe na ambao huweza kuwa mzuri au wa wastani, na wino bandia uliotiwa katika chupa yenye jina la Epson au Canon. Wa kwanza ni biashara. Wa pili ni wizi, na mtu aliyethubutu kughushi nembo hatashindwa kughushi kilichomo.

Kampuni nazo zimekwisha kuitafakari ile hukumu ya mwaka 2017, iliyojengwa juu ya neno moja, mauzo, na zimeona kwamba pasipokuwa na mauzo haki ya mnunuzi haina pa kusimama. Katika mpango wa Instant Ink wa HP, mteja hulipa kila mwezi kwa idadi ya kurasa. Katriji huletwa nyumbani kwake lakini hubaki kuwa mali ya kampuni, na akijitoa huzimwa kwa njia ya intaneti hata kama zina wino. Mwezi wa Februari mwaka 2024, nchini Marekani, kampuni hiyo ilipiga hatua mbele ikaanza kuikodisha na printa yenyewe, kuanzia dola 6.99 kwa mwezi kwa kurasa 20, kwa sharti kwamba mashine iwe imeunganishwa na intaneti wakati wote. Mwenye kuikodi hana katriji ya kumpelekea fundi, wala hana mashine ya kuitoboa.